Hivi haki za mfanyakazi zinalindwa kweli, serikalini na kwenye makampuni binafsi?

Kibarua wa Zamu (mwanzisha mada)

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu.

Naomba tulijadili hili maana limenikaa kichwani wiki mbili sasa na usingizi umepungua. Mimi niko kampuni binafsi, mwaka wa saba huu, nasimamia zamu ya usiku ghalani. Mke wangu ni mtumishi wa serikali. Tukikaa jioni ubishi ni ule ule, yeye ananiambia nyie wa binafsi hamna mtetezi, bosi akiamka vibaya umekwisha, na mimi namjibu nyie serikalini haki zenu ziko kwenye mafaili, ukizidai mtu anakuzungusha mpaka unachoka mwenyewe.

Sasa kuna mwenzangu wa zamu, tumepiga kazi pamoja miaka minne. Jumatatu ya juzi kafika getini kaweka kadi, taa nyekundu. Karudia, nyekundu. Mlinzi ambaye wanasalimiana kila siku kafungua daftari, kaangalia, kamwambia kaka jina lako limekatwa nimeambiwa usiingie. Mkoba uko begani, chakula chake cha usiku kimo humo humo. Hamna barua, hamna kikao, hamna notisi. Kesho yake mchana ndo ikaja meseji ya mistari miwili kwamba kampuni imesitisha huduma zake na anatakiwa kurudisha sare. Kosa lake ninalolijua mimi ni moja, wiki moja kabla aliuliza kwenye mkutano, mbele ya watu, kwanini overtaimu ya miezi mitatu haijalipwa.

Mke wangu nae hawezi kufukuzwa namna hiyo, hilo nakubali kabisa. Lakini mwaka jana aliandika barua kumlalamikia mkuu wake, haikupita hata wiki mbili akapewa uhamisho, barua inasema "kwa manufaa ya umma". Stahiki zake za uhamisho hajalipwa mpaka leo, tumejihamisha kwa hela yetu na watoto tukawatoa shule katikati ya muhula.

Sasa naulizeni kwa dhati kabisa, sheria zipo, vyama vipo, maofisa kazi wapo, hizi haki zinamlinda nani hasa? Na huyu mwenzangu afanye nini, maana wenzetu kazini wote tumenyamaza, na mimi nikiwa mmojawapo.

---

Mzee wa Faili

Kijana pole, na mpe pole sana mwenzio. Mimi nimestaafu, nilikuwa afisa utumishi serikalini zaidi ya miaka 20, hizo barua za "kwa manufaa ya umma" nimeziandika kwa mkono wangu na nyingine zilikuwa halali kabisa na nyingine nilijua moyoni kwamba ni adhabu. Naliandika hili kwa sababu limenisumbua tangu nilipostaafu.

Kwanini serikalini si rahisi mtu kufukuzwa? Sio kwamba wakuu wa serikali wana huruma kuliko matajiri. Ni kwamba dola yenyewe ndo mwajiri, kwahiyo katiba inayoibana dola inaibana pia inapoajiri. Chukua Marekani ambako kwenye kampuni binafsi, karibu majimbo yote, bosi anaweza kukuondoa bila kukupa sababu yoyote. Lakini mwaka 1985 mahakama yao ya juu iliamua kwenye kesi ya mlinzi mmoja wa bodi ya elimu ya Cleveland kwamba mtumishi wa umma mwenye ajira ya kudumu hawezi kuondolewa kabla hajaambiwa tuhuma na kusikilizwa. Nchi moja, kazi ya ulinzi hiyo hiyo, ila mmoja analindwa na katiba na mwingine analindwa na mkataba wake tu kama anao.

Lakini sasa sikiliza upande wa pili, maana mkeo ana hoja na wewe una hoja. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipopitisha mkataba namba 98 mwaka 1949 wa haki ya kujipanga na kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, waliandika humo humo kwamba hauwahusu watumishi wanaoendesha shughuli za utawala wa serikali. Ilibidi wasubiri mpaka 1978 ndo ukaja mkataba namba 151 wa watumishi wa umma. Karibu miaka 30! Na ukaguzi hivyo hivyo, mkataba namba 81 wa mwaka 1947 ulimtuma mkaguzi wa kazi aingie viwandani na kwenye biashara, ofisi za serikali zikaja kuongezwa kwa itifaki ya mwaka 1995. Mkaguzi akikuta kiwanda hakina mlango wa dharura anaandika ripoti, ila ofisi ya mkuu wake mwenyewe anaikaguaje?

Kwahiyo mtumishi wa serikali ana ngome dhidi ya kufukuzwa, hana ngome dhidi ya kusahauliwa. Barua yako haijibiwi, daraja halipandi, malimbikizo hayalipwi, faili "linatafutwa". Nimewahi kuona fomu ya likizo ya mama mmoja imekwenda na kurudi mara nne, kila mara imeandikwa "subiri" kwa kalamu nyekundu bila tarehe wala jina la aliyeandika. Huyo hajafukuzwa. Lakini mwaka ulipita hajapumzika.

Mkeo aandike barua mpya ya kudai stahiki, aambatanishe ile ya uhamisho, nakala aipeleke ngazi ya juu ya mkuu wake, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri na tarehe, asiondoke bila hivyo vitu.

---

Mhasibu Mdogo

Mzee wa Faili shikamoo, umesema vizuri sana.

Mimi niongezee kitu ambacho hakionekani mpaka siku umeumia. Nilikuwa kampuni binafsi, mshahara ukiingia kwa wakati, bosi mcheshi, tunaitana familia. Kila mwezi slipu ya mshahara inaonyesha nimekatwa mchango wa mfuko wa pensheni, namba iko pale, imeandikwa vizuri. Nilivyoenda kudai fao la uzazi nikaambiwa dada akaunti yako ina pengo la miezi 11. Yaani nilikatwa kwenye mshahara na hela haikufika kwenye mfuko. Mimi mhasibu! Nilikaa kwenye lile benchi nimeshika tumbo na karatasi zangu za slipu nikalia.

Nilichojifunza ni kwamba zile slipu ndo ziliniokoa. Nilikuwa nazo zote kwenye bahasha, nikawapa mfuko wakafungua madai dhidi ya mwajiri, ilichukua muda mrefu lakini ililipwa. Wenzangu wawili walikuwa wanatupa slipu zao, mmoja mpaka leo anahangaika.

Jamani usingoje uzazi wala ajali wala kustaafu. Angalia taarifa ya michango yako walau kila baada ya miezi mitatu, ukute mwezi haupo uliza mapema wakati bado ni mwezi mmoja. Na hili liko pande zote, kuna taasisi za umma nazo zinachelewesha michango ya watu.

---

Tawi Namba Moja

Nawasoma wote. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi kwenye tawi letu, sekta binafsi, kipindi cha pili hiki.

Swali la mwanzisha mada ni "zinamlinda nani", nami nalijibu bila kuzunguka, zinamlinda mwenye ushahidi na mwenye watu nyuma yake. Ibara ya 23 ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948 inasema kila mtu, haisemi mtumishi wa serikali wala wa kampuni, kila mtu ana haki ya malipo sawa kwa kazi sawa na haki ya kuunda na kujiunga na chama. Ibara ya 24 mapumziko na likizo yenye malipo. Yameandikwa siku nyingi. Lakini siku mwenzenu kasimama kuuliza overtaimu ya wote, wangapi walisimama nae? Ndugu yangu usichukie, umeandika mwenyewe kwamba mmenyamaza, na mwajiri aliuona huo ukimya ndo maana kathubutu.

Na hili la serikali kuwa mwajiri mwema mimi silikubali moja kwa moja. Mwaka 1981 waongoza ndege wa Marekani waligoma, ni watumishi wa serikali kuu na sheria inawakataza kugoma, Rais Reagan akawapa saa 48 warudi kazini, na zaidi ya 11,000 wakafukuzwa. Kwa mpigo mmoja! Ujerumani kuna kundi la watumishi wa kudumu wa serikali, wakiwemo walimu wengi, ambao hawaruhusiwi kugoma kabisa, walipeleka kesi mpaka mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu na mwaka 2023 wakashindwa. Kwahiyo ile silaha ambayo mfanyakazi wa kiwandani anayo, yaani kuweka zana chini, mtumishi wa serikali mara nyingi amenyang'anywa, kwa hoja kwamba anapewa ulinzi wa ajira badala yake. Sasa asipolipwa stahiki kama mke wa huyu ndugu, abaki na nini? Abaki na barua.

Wa binafsi anaweza kufukuzwa kwa meseji, wa umma anaweza kuwekwa kiporo miaka. Sioni wa kumcheka mwenzie hapo.

---

Neema ya Ndoo

Habari zenu. Mimi nasafisha ofisi ya serikali lakini sio mtumishi wa serikali, naomba mnisaidie mimi nipo wapi kwenye huu mjadala.

Naingia saa 11 alfajiri, natoka saa 10. Nimevaa sare ya kampuni ya wakala. Jengo la serikali, choo cha serikali, wafanyakazi wa serikali wananiita dada Neema miaka sita sasa, ila mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu na unaandikwa upya kila mara kama nimeanza jana. Likizo sijawahi kwenda. Nikiugua siku mbili zinakatwa. Nikimuuliza msimamizi wa wakala anasema serikali haijatulipa, nikimuuliza ofisa wa pale ananiambia nyie tumeshawalipa kampuni yenu. Dawa ya kusafishia vyoo inanikausha mikono mpaka vidole vinapasuka, glavu naletewa jozi moja kwa mwezi na mwisho wa wiki ya pili zimeshatoboka.

---

Tawi Namba Moja

Dada Neema asante kwa kuandika, na nimejisikia vibaya kwamba hakuna aliyekutaja kabla yako. Nyie ni wengi sana, walinzi, wasafishaji, madereva, wapishi.

ILO waliliona hili mapema, kuna mkataba namba 94 wa mwaka 1949 unaosema serikali ikitoa tenda, mkataba wa tenda uwe na kifungu kinachomlinda mfanyakazi wa huyo mkandarasi, mshahara na masharti yasiwe chini ya yale ya kazi kama hiyo eneo hilo. Yaani hela ya umma isitumike kumnyonya mtu. Tatizo ni nchi ngapi zinaufuata.

Kuhusu mikono yako, usalama na afya kazini mwaka 2022 mkutano mkuu wa ILO uliuingiza kwenye haki za msingi kabisa, ngazi moja na kukataza utumwa na ajira ya watoto. Glavu sio hisani ya msimamizi. Piga picha mikono, piga picha zile glavu, andika tarehe, mwambie msimamizi kwa maandishi hata kama ni WhatsApp, halafu upeleke ushahidi huo kwa mkaguzi wa usalama kazini. Na hiyo mikataba ya miezi mitatu mitatu kusanya yote sita au ishirini uliyonayo, nchi nyingi ukirudiwa rudiwa kwa kazi ile ile ya kudumu sheria inaweza kukuona kama mwajiriwa wa kudumu au mwenye matarajio halali ya kuendelea. Usitupe hata mmoja.

---

Mwenye Duka la Vipuri

Mimi nitasema kitu hamtakipenda lakini nasema kwa nia njema. Mimi ni mwajiri, nina watu tisa. Nimewahi kumfukuza kijana papo hapo kwa sababu nilimkamata na mzigo, ushahidi ninao, na bado nilishindwa kesi nikalipa fidia. Kisa? Sikumwita kikao, sikumpa barua ya tuhuma. Nilikasirika sana siku ile. Sisi wadogo hatuna HR, hatuna mwanasheria, sheria ile ile ya kampuni ya watu elfu mbili ndo hiyo hiyo yangu.

---

Mzee wa Faili

Ndugu Mwenye Duka, hasira yako naielewa, na kwa mtazamo wangu ulikuwa na sababu, ulichokosa ni utaratibu, na hivi vitu viwili vinapimwa kila kimoja peke yake. Mkataba namba 158 wa ILO wa mwaka 1982 unasema mtu asiachishwe kazi bila sababu halali inayohusu uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya uendeshaji, na kama ni mwenendo au utendaji apewe kwanza nafasi ya kujitetea. Kikao hakihitaji HR. Karatasi moja yenye tuhuma, siku chache za kujiandaa, aje na mwenzie, umsikilize, uandike uamuzi. Ungefanya hivyo ungeshinda.

Na hapo hapo ndo kuna jibu la yule wa getini. Mkataba huo umeorodhesha mambo ambayo kamwe si sababu halali ya kumuondoa mtu, mojawapo ni kumlalamikia mwajiri kwamba amevunja sheria. Nyingine ni ujauzito, kuwa kwenye likizo ya uzazi, kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Nchi nyingi hazijauridhia mkataba wenyewe, lakini nyingi zimechukua maneno hayo na kuyaweka kwenye sheria zao.

---

Mawakili Chipukizi

Naomba niseme moja tu ambalo naona limesahaulika na linaua kesi nyingi kuliko kitu kingine chochote: SIKU.

Tanzania mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Afrika Kusini nao siku 30. Ujerumani wiki 3 tu uwe umeshafungua kesi. Kenya unayo miaka 3. Unaona tofauti hiyo? Mtu anasikia ya jirani yake anajipumzisha, anasema ngoja kwanza nitafute kibarua kingine, au HR anamwambia "tunashughulikia suala lako, vuta subira", anavuta subira siku ya 45 anaambiwa umechelewa. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi saa. Mwanzisha mada umesema jumatatu ya juzi, yaani mwenzio ameshatumia wiki moja na zaidi. Aende ofisi ya kazi ya kwenu aulize siku ngapi zimebaki, leo sio kesho.

Pili, kwa Kenya, Tanzania na Afrika Kusini mwajiri ndo anatakiwa athibitishe sababu ya kumuachisha mtu, sio mfanyakazi athibitishe kwamba hakukosea. Kwahiyo asiogope kwamba hana barua, kukosa barua kunamuumiza zaidi mwajiri. Ile meseji aipige skrinshoti namba na tarehe vionekane, asiifute, na aitume kwa mtu mwingine aitunze maana simu zinapotea.

Tatu, akiitwa kurudisha sare au kuchukua "chochote kitu", ataletewa karatasi asaini. Asome mpaka mwisho. Kama kuna maneno kwamba nimelipwa stahiki zangu zote na sina madai, asisaini hata wakimwambia bila hiyo hakuna hela. Kama ni barua tu, aandike "nimepokea", tarehe, saini. Asiandike "nimekubali". Neno moja hilo nimeliona likimgharimu mama wa watu kesi ya miaka 14 ya utumishi.

---

Kibarua wa Zamu (mwanzisha mada)

Nimesoma yote, nyingine nimemsomea mke wangu kwa sauti. Asanteni sana, mzee wangu shikamoo.

Tawi Namba Moja umenigusa pale uliposema ukimya, na nimekubali. Jana usiku baada ya zamu niliwaita wenzangu watano nje ya geti, tukaongea kama nusu saa. Watatu wamekubali kuandika maelezo na kusaini kwamba walikuwepo kwenye ule mkutano na walisikia swali la overtaimu, wa nne ni mimi. Wawili wameogopa, mmoja mkewe amejifungua juzi, sijamlaumu.

Mwenzangu amekwenda ofisi ya kazi leo asubuhi, amebakiwa na siku 16, amepewa fomu na tumeijaza pamoja mezani kwangu. Karatasi ya kumaliza madai kweli waliiandaa, ilikuwa inamsubiri kwa mlinzi pamoja na bahasha. Hajasaini, amerudisha sare akadai aandikiwe kwamba ameirudisha.

Mke wangu barua yake imegongwa muhuri jana, nakala iko ndani.

Halafu Mhasibu Mdogo, nimefuata ulichosema nikaomba taarifa yangu ya michango. Miezi mitano haipo. Slipu zangu ninazo za miwili tu kati ya hiyo, nyingine watoto walichorea. Kuna namna ya kupata nakala bila kwenda kuziomba kwa huyo huyo HR?